Soda Baridi Juu ya Boma la Mikindani

Najua nimepotea. Bumu lilichelewa, kozi weki zikabanana, halafu likizo ikaingia nikakimbilia nyumbani Tandahimba. Nimerudi chuoni juzi, mfuko hauna kitu ila begi limejaa korosho (mnaojua chumba changu njia mnaijua, msijifanye wageni). Leo sitaandika habari za foleni ya kafteria. Nataka niwasimulie safari ya siku moja ambayo mpaka sasa haijanitoka kichwani.

Yote yalianzia darasani. Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alitutupia swali: mji wa kale ukikarabatiwa ili wageni waje kuutazama, ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa? Akatupa mfano wa Lijiang, mji wa kale wa watu wa Naxi kule China. Mwaka 1996 tetemeko la ardhi liliuvunja vibaya, ukajengwa upya kwa sura yake ya zamani, na mwaka 1997 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watalii wakamiminika. Kumbe wenyeji wengi nao wakaona bora wapangishe nyumba zao kwa wafanyabiashara waliotoka mbali, wao wakahamia mji mpya. Nyumba zimebaki, mapaa yanang'aa, lakini aliyekuwa anapika humo ndani hayupo. Mwalimu akasema: kila mmoja aende akatafute Lijiang yake, aandike.

Darasa zima likakimbilia Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mimi nikasema naandika Mikindani. Mshikaji wangu wa chumba akaangua kicheko. "Mikindani ya Mtwara? Huko si ni kupita tu?" Basi hapo ndipo damu ilipochemka. Nikaapa kwamba nitakwenda, na nitaandika kitu kitakachomfunga mdomo. Nilikwenda na hasira zangu, nawaambieni ukweli, na hasira si mwalimu mzuri wa historia.

Usiku wa kuamkia safari nilimuaga bibi. Bibi yangu mzaa mama ana zaidi ya miaka themanini, macho yamepungua lakini kumbukumbu ni kama jana. Nikamwambia, "Bibi, kesho nateremka Mikindani kutembea." Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mume wangu, unakwenda kutembea Mikindani? Huko watu wa kwetu walikuwa hawaendi kutembea."

Ndipo nikasikia habari ambayo katika miaka yangu yote sikuwahi kuambiwa. Mama mzazi wa bibi yake bibi (hesabuni wenyewe, kwetu Wamakonde ukoo huhesabiwa upande wa mama, kwa hiyo hiyo ndiyo mizizi yangu hasa) aliteremka bondeni kuchota maji na wenzake. Hawakurudi. Wajerumani walikuwa hawajaja. Aliacha mtoto wa kike mdogo aliyebaki mgongoni kwa shangazi, na huyo mtoto ndiye aliyekuja kuwa bibi yake bibi. Watu walisema kundi lile lilionekana likipelekwa upande wa pwani, Mikindani. Basi. Hapo hadithi inaishia. Hakuna anayejua kama alifika, kama aliuzwa, kama alivuka bahari au alifia njiani.

Nikaenda kulala, usingizi ukagoma.

Alfajiri nikapanda basi, tukapita Nanyamba mpaka Mtwara mjini, kisha daladala. Mikindani si mbali na Mtwara, kama kilomita kumi hivi kwenye barabara ya kwenda Lindi. Unashuka, na mara unaona ghuba imejikunja kama mkono uliobeba mtoto, maji yametulia, ngalawa zimelala kwenye tope kwa sababu maji yametoka. Mji wenyewe ni mdogo. Kuna nyumba za ghorofa za matumbawe na chokaa zilizojengwa enzi za Waarabu na Wahindi, nyingine zina roshani za mbao, nyingine zimebaki kuta tupu na mti umeota sebuleni. Katikati ya magofu hayo watu wanaishi maisha yao kwenye nyumba za miti na udongo. Akina mama wanauza samaki, watoto wanakwenda madrasa. Sasa juu ya hayo yote, kwenye mteremko wa kilima, limekaa jengo jeupe kubwa lenye mnara. Hilo ndilo Boma.

Nilimpata kaka mmoja mwenyeji anayetembeza wageni, tukaelewana bei (alinipunguzia kwa sababu ya uanafunzi, Mungu ambariki). Niliona raha na aibu kwa pamoja. Nimekulia safari ya asubuhi moja tu kutoka pale, halafu leo natembezwa kama mtu aliyeshuka ndege, simu mkononi napiga picha mlango mmoja mara sita!

Ngoja niwape historia yake kidogo, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilikaa pale juu nikashindwa kumaliza soda.

Mikindani ilikuwa bandari ya kale ya Waswahili. Katika karne ya 19, chini ya Sultani wa Zanzibar, bidhaa za bara zilikuwa zinateremka pale: pembe za ndovu, baadaye mpira wa msituni kutoka uwanda wetu wa Makonde, na watu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia kusafirisha watumwa baharini, lakini kutia saini Zanzibar ni jambo moja, na kijia cha usiku cha kusini ni jambo jingine. Biashara iliendelea kwa kujificha kwa miaka mingi.

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kushika pwani, watu wa pwani yote walipinga. Mikindani na Lindi maofisa wa kampuni walifukuzwa. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi, na mwezi Mei 1890 miji ya kusini, Kilwa, Lindi na Mikindani, ikarudishwa mikononi mwao kwa mizinga. Mwaka 1895 Wajerumani wakajenga Boma la Mikindani. Kwa hiyo jengo lile jeupe linalopendeza hivyo lilijengwa na watu waliokuwa wameshafukuzwa mara moja na hawakutaka kufukuzwa tena. Kilima kilicho nyuma yake wakakipa jina la Bismarck. Bwana yule hakukanyaga Afrika maisha yake yote, lakini kilima anacho!

Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakalitumia kama makao ya wilaya. Halafu ikaja balaa iliyoua mji. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mradi wao mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Walihitaji bandari ya meli kubwa, na ghuba ya Mikindani ilikuwa na kina kidogo. Wakaijenga Mtwara, na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zenyewe zilishindikana, mradi ukafutwa mwaka 1951, lakini Mtwara ilikuwa imeshazaliwa. Ofisi zikahama, wafanyabiashara wakahama, Mikindani ikabaki na kuta zake. Boma likatumika, likachoka, likaanza kubomoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika moja la hisani la Uingereza, Trade Aid, lililichukua Boma, likalikarabati na kuligeuza hoteli. Nataka kusema haki hapa, maana nilikuwa nimekwenda nimekunja ndita. Ukarabati ule ulitumia mafundi wa hapo hapo na njia za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, na lengo lilikuwa vijana wapate mafunzo na kazi. Kaka yangu mtembezaji aliniambia waziwazi, "Mdogo wangu, wasingekuja hao, leo ungepiga picha popo." Sikuwa na la kujibu. Magofu mengine ya mjini nilikuwa nimeshayaona, nayo hayana mtetezi.

Basi nikapanda. Nikaagiza soda moja, kwa sababu vingine vyote kwenye orodha vilikuwa vya watu wenye mishahara. Nikakaa kwenye kivuli, upepo wa bahari, minazi chini, ghuba yote iko mbele yako. Mwe! Pazuri, msinidanganye. Wageni wawili wazee walikuwa wanasoma vitabu vyao kimya. Nikajikuta najisikia bwana mkubwa. Halafu likanijia wazo: wajenzi walichagua mahali hapa kwa sababu hiyo hiyo. Ukikaa hapa unaona kila anayeingia na kila anayetoka. Mimi nakunywa upepo, wao walikuwa wanalinda. Uzuri wa mahali pale ndio uliokuwa silaha yake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Machemba.

Mnaosoma historia mnamjua. Kwa wengine: Machemba alikuwa mtawala wa Kiyao aliyekaa kwenye uwanda wetu wa Makonde, ngome yake ikiwa Luagala, ambayo leo iko ndani ya wilaya ya Tandahimba. Mwaka huo huo wa 1890 Wissmann alimtaka ajisalimishe. Machemba akamjibu kwa barua ya Kiswahili. Sitainukuu, lakini maana yake ni hii: kama ni urafiki, yuko tayari leo na siku zote. Kama ni kuwa chini yake, hapana. Wewe ni mtawala kwenu, mimi ni mtawala kwetu. Hakukwenda kumsujudia mtu aliyeumbwa na Mungu kama yeye. Mwenye nguvu na aje amchukue mwenyewe.

Wakaja, na si mara moja. Vichaka vya uwanda wetu si vya mchezo, mtu mzima anapotea hatua ishirini kutoka njiani. Miaka ya 1890 karibu yote walihangaika naye. Mwaka 1897 Wajerumani wakatangaza kodi ya nyumba, na hilo nalo hakulikubali. Mwaka 1899 ndipo walipoleta nguvu ya kutosha, naye akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji.

Barua ile imenukuliwa kwenye vitabu vingi vya historia ya Afrika. Mimi mtoto wa Tandahimba niliisoma kwa mara ya kwanza hapa chuoni, kwa Kiingereza. Barua iliyoandikwa kwa Kiswahili, kutoka wilayani kwangu! Nikiwa na soda yangu pale juu nikaanza kuipanga insha kichwani. Kichwa: Waliojenga Boma wana hoteli, aliyewakatalia hana hata kibao. Nikaona alama za juu hizoo zinakuja. Nikaipiga picha bendera, nikashuka.

Huko chini kaka akanipeleka kwenye nyumba ya zamani yenye mlango wa nakshi, inayosemekana kuwa mahali alipofikia David Livingstone mwezi Machi 1866, mwanzo wa safari yake ya mwisho. Aliteremka na ngamia, nyati, nyumbu na punda. Kutoka pwani alifuata upande wa mto Ruvuma, chini ya uwanda wetu, na vichaka vikamshinda kwa sababu ya ngamia. Ikabidi awaajiri Wamakonde wamkatie njia kwa shoka. Jina la Livingstone liko Mikindani, liko Zambia, liko shuleni. Wale waliokata kichaka hawana jina hata moja. Nikaandika kwenye daftari. Insha inazidi kunoga...

Halafu tukafika kwenye jengo linaloitwa Soko la Watumwa.

Nilijua naelekea hapo. Hata hivyo miguu ilikuwa mizito. Nilitegemea nini? Sijui. Labda giza, labda minyororo. Mwaka wa kwanza tulipelekwa Zanzibar, Mkunazini, kwenye lile kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa. Pale nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa shingoni, zimewekwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Biashara ya utalii ipo pale pia, kiingilio kipo, lakini ukisimama mbele ya lile shimo unanyamaza tu, hata mtu mwenye utani kama mimi.

Mikindani ni tofauti. Jengo lile nalo lilikarabatiwa, ila si kwa umakini kama Boma. Matao yake yaliyokuwa wazi yalizibwa, likagawanywa, likawa la maduka ya vitu vya sanaa. Yaani pale palipopewa jina la kuuza watu, pakawa pa kuuza shanga na vinyago. Nikasimama nje. Nikajaribu kumfikiria yule mama aliyeteremka kuchota maji. Sikuweza. Ukuta ulioziba matao ulikuwa umepakwa rangi safi tu, hauniambii kitu. Nikagundua nimesafiri kutoka Tandahimba nikiwa na deni la kumlilia mtu, na sina pa kuliweka.

Mzee mmoja muuza vinyago, ambaye ameweka meza yake mjini pale, alinisalimia kwa Kiingereza. Nadhani ni kwa sababu ya ile staili yangu ya kupiga picha. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akacheka. "Marahaba! Kumbe ni mjukuu? Unatoka wapi?" Nikamwambia Tandahimba. "Aa, mimi Newala. Sasa umekuja kununua kwetu au kuangalia kwetu?"

Nikachukua kinyago kimoja cha sura, nikauliza bei kwa heshima tu. Akanitazama akakirudisha mezani taratibu. "Hiki ni cha wageni, mjukuu wangu. Wewe ukikiweka nyumbani wazee watakuuliza umepata wapi mtihani huu. Midimu yenyewe, ile ya kuchezea, haikai mezani." Mnaotoka kwetu mnaelewa. Sura za mapiko zilikuwa siri ya waliopita jandoni, hazikuonyeshwa ovyo mchana kweupe. Nikamwambia habari za Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa haujapoa vizuri, akapiga picha, akarekodi nyimbo kwa mashine, na kukusanya vitu vyetu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig. Mzee akatikisa kichwa. "Basi huyo alinunua vya ndani. Mimi nauza vya nje. Afadhali mimi."

Nilicheka mpaka leo nacheka. Lakini nilipokaa kwenye daladala ya kurudi nikaona mzee yule amejibu swali la mwalimu wangu kuliko mimi na daftari langu. Yeye anajua mpaka uko wapi. Kuna cha kuuza na kuna kisichouzwa, na haoni aibu kuuza cha kuuza kwa sababu kile kingine amekificha salama. Taabu ya lile jengo la soko ni kwamba cha ndani hakikufichwa mahali popote. Kilizibwa tu.

Nikarudi nyumbani usiku. Kesho yake nikamsomea bibi rasimu yangu yote: Wajerumani, Boma, Bismarck, na hasa Machemba. Nilimsoma Machemba kwa sauti ya kupanda, kama hotuba. Shujaa wetu! Kibao chake kiko wapi? Kwa nini Luagala hakuna hoteli, hakuna hata jiwe?

Bibi akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Wewe huko shuleni amekuwa shujaa. Sisi tulipokuwa watoto, tukilia usiku, bibi yangu alikuwa anatuambia: nyamaza, Machemba atasikia."

Nikabaki nimeduwaa.

"Unafikiri waliompeleka yule mama pwani walikuwa Wazungu?" akaniuliza. "Walikuwa watu wa misafara. Weusi kama wewe. Nani aliwatuma, mimi sijui, na bibi yangu hakujua. Lakini aliyekuwa anaogopwa huku alikuwa huyo."

Wapendwa, insha yangu yote ilianguka chini kama embe bovu. Na ubaya ni kwamba nilikuwa najua! Iko kwenye nondo zangu mwenyewe: watawala wa Kiyao wa wakati ule walitajirika kwa misafara ya pembe, mpira na watumwa. Niliisoma, nikaipigia mstari, halafu nikairuka kwa sababu ilikuwa inaniharibia hadithi. Nilimlaumu aliyeziba matao kwenye lile jengo, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nakarabati. Nilikuwa namjengea Machemba boma jeupe lenye mnara, na yule mama mchota maji nikamzibia nje kwa mara ya pili.

Simaanishi kwamba Machemba hakuwa jasiri. Barua yake bado inanisisimua, na aliwakatalia watu wenye mizinga kwa karibu miaka kumi. Lakini wapo watu ambao historia yao ni kujificha. Wazee wetu wengi walipanda kwenye uwanda usio na maji, wakajibana kwenye vichaka, na maji wakayafuata mabondeni kwa hofu. Waliwakwepa watu wa misafara, baadaye wakawakwepa watoza kodi. Mtu anayejificha hajengi ukuta wa matumbawe. Haachi barua. Akifaulu, kazi yake yote ni kwamba hakuna alama. Sasa utamkarabati vipi mtu wa namna hiyo? Utaweka kiingilio wapi?

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anasema majengo ya kale ndiyo historia yetu, nauliza, yetu akina nani? Boma la Mikindani lisimame, na wale vijana wapate kazi zao, naliombea paa lake lisivuje. Tumeona Zanzibar jinsi Beit al-Ajaib, jumba lenyewe la kifahari la Sultani, lilivyoanguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likaua watu waliokuwa wakilikarabati. Kuta zinahitaji pesa, na pesa inahitaji mgeni. Sina ugomvi na soda baridi. Ninachosema ni kwamba nyumba iliyopona haimaanishi habari imepona, na kama sisi wenye habari hatuisemi, mgeni hana kosa kununua shanga na kwenda zake.

Niliandika insha upya, usiku kucha kwa tochi ya simu. Niliweka wote watatu: waliojenga Boma, aliyewakatalia, na aliyekwenda kuchota maji. Huyo wa tatu amepata ukurasa mmoja tu, kwa sababu ninachojua kinaenea humo na nafasi inabaki. Sikumwongezea hata neno. Mwalimu amerudisha kazi zetu juzi, nimepata alama za kawaida tu, na pembeni ya ukurasa huo ameandika kwa kalamu nyekundu: endelea kumuuliza bibi.

Na kweli nimeendelea. Kabla sijaondoka nilikaa naye siku nne, simu ikirekodi. Nimejifunza majina ya mabonde matatu waliyokuwa wanachotea maji, na wimbo mmoja ambao hautoki kwenye simu yangu mpaka yeye aseme. Siku ya mwisho nilimuuliza, "Bibi, tukiweka hata jiwe dogo pale bondeni, lenye maandishi, utakubali?"

Akafikiri. "Jiwe wekeni. Lakini mtu akija na ndoo msimwambie alipe."

Basi jamani, hayo ndiyo ya likizo. Jumatatu tuna testi na sijagusa nondo hata moja, nikidisko mtanisaidia kubeba godoro. Ila kabla hujalala leo, kama una bibi au babu mwenye salio, mpigie. Muulize kitu kimoja tu: zamani maji mlikuwa mnachota wapi? Halafu nyamaza umsikilize.

Korosho zipo mpaka Ijumaa. Mshikaji wangu wa chumba aliyecheka Mikindani anauziwa.